Marinda ya Gauni la Kijani

Tarehe 4 Machi

Mwanangu wa Pekee,

Kuna jambo nimekuficha. Nalitanguliza hata kabla ya kukujulia hali, maana nikianza na salamu nitaishia hukohuko, kama kawaida yangu. Daktari amesikiliza kifua changu, kisha akakunja vifaa vyake kimya kimya. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, sihitaji kusomewa matokeo.

Basi, jambo lenyewe ni hili. Mama yako... Mkono umechoka, mwanangu. Nipe siku chache. U mzima? Unakula?

Baba yako


Tarehe 19 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula hadi sketi zimenibana. Jambo gani tena hilo? Kama ni mke wa pili, mwambie mama kwanza, halafu ukimbie. Ila hicho kifua kinanitia hofu. Dawa unameza au unazificha chini ya mto?

Nina swali kwako, mwalimu wangu wa michoro ya kompyuta. Ile filamu ya katuni ninayomchora mama imefika pazuri. Nimeshachora uso, vidole, hata anavyoshika kiuno mteja akimletea ubishi. Nataka atoke mlangoni pa duka lake la ushonaji, atembee hadi barabarani kwa miguu yake mwenyewe, amevaa lile gauni la kijani. Tangu miguu imgomee hajaliona jua ila dirishani. Nataka ajione.

Sasa kompyuta yangu imekufa, na dukani kuna mbili. Moja haina kadi ya picha, kile kifaa cha kuharakisha michoro. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya kazi zote na kuazima kumbukumbu ya kompyuta nzima. Nyingine ina kadi ya peke yake, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Ni ghali, nzito kama tofali, na muuzaji ananicheka: "Dada, hiyo ni ya wacheza gemu." Nichukue ipi?

Najua mama hasikii simu, basi umsomee sikioni: lile gauni lina marinda mangapi?

Wa Pekee


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, mimi nakisikiliza tu.

Chukua isiyo na kadi. Ni nyepesi, haili umeme, na kwa kazi yako inatosha kabisa. Hiyo kadi ya peke yake ni mbwembwe. Ukiona inasuasua, vumilia. Mama yako hana haraka.

Anasema marinda ni saba.

Baba yako


Tarehe 11 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Mbona barua imekuwa fupi hivyo, na lile jambo umelimeza?

Nilinunua uliyosema. Inachemka kama pasi. Mama akisimama, sawa. Akiinua mguu tu, gauni likaanza kupepea, kila kitu kinakwama. Hatua moja inakula siku nzima. Kazini wananiuliza, "Nani alikushauri, adui yako?" Nikawajibu ni baba yangu, na amefundisha michoro ya kompyuta hadi kustaafu. Wakatazamana.

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hakuna kitu kigumu kuchora kama kitambaa kinachotembea. Ulijua ninahitaji kadi.

Na mama hawezi kusema saba. Nilichapwa kwa tepu ya kupimia kwa kosa hilohilo! Marinda yake huenda mawili mawili, la kulia na la kushoto, la sivyo gauni linavuta upande mmoja. Hawezi kukosea hapo hata akiwa usingizini. Mpe kalamu aniandikie mwenyewe. Hata namba moja tu.

Wa Pekee


Tarehe 30 Mei

Mwanangu wa Pekee,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito mitatu. Jirani atapeleka barua hii posta, na nimemwapisha asinirudishie hata nikimlilia.

Nilijua. Kadi yenye kumbukumbu yake ndiyo uliyohitaji, na hata mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angekuambia hivyo. Ningekuwa mkweli, ungemaliza upesi, ungepanda gari na filamu yako mkononi, ungefika hapa kumtafuta wa kumwonyesha. Nilitaka uchelewe. Nilichagua kompyuta itakayokuchelewesha kuliko zote.

Mwanzo nilisema nisubiri umalize ile mitihani yako ya kazini. Ukamaliza. Baada ya hapo nilikuwa nasubiri tu. Hapa majirani wameshaacha kuuliza, wananipita wakinipa pole ya kifua. Ni wewe peke yako uliyebaki unaniuliza mama anaendeleaje, anasemaje, amecheka? Nikawa namjibia. Usinione mwehu: kuna siku nilisoma barua yako kwa sauti karibu na mto wake, nikanyamaza kidogo ili naye apate nafasi ya kujibu.

Marinda niliyahesabu mimi, gauni likiwa limetundikwa kwenye henga nyuma ya mlango. Nikaona saba, kumbe ni manane. Moja lilikuwa limekunjwa ndani, nami sikuthubutu kuligusa, kwa sababu alilikunja yeye.

Nunua hiyo kadi, mwanangu. Mtembeze hadi barabarani. Asigeuke nyuma kutazama mlango, maana nitakuwa nimesimama hapo na sitaweza kumwacha aende.

Siku uliponiuliza uchukue kompyuta ipi, mama yako alikuwa amezikwa tangu Januari.