Laptopu ya Mjukuu Wangu Inanigandisha Mguu Juu

Mshauri mpendwa, nakuomba unishike mkono kabla sijaenda kumvunjia mtu duka. Mimi ni bibi, mshonaji, shule niliiacha mapema na sijawahi kuijutia, maana cherehani yangu ilimsomesha mama yake mjukuu wangu na sasa inamsomesha mjukuu mwenyewe, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anatengeneza magemu. Sikusema anacheza, nimesema anatengeneza, kwa sababu jirani yangu muuza mayai kila nikimweleza ananiuliza, "Kwa hiyo anacheza tu kutwa nzima?" nami namjibu, "Kwani wewe na kuku wako, nani anayetaga?"

Basi nikaamua kumnunulia laptopu ya nguvu, akaniandikia namba ya chipu ya picha, akasema, "Bibi, hii ndiyo inayochora kila kinachotembea kwenye skrini, ukiikosa usinunue," nikaenda dukani peke yangu, nilitaka nirudi nyumbani nimeikumbatia kifuani watu waone, nikalinganisha ile namba na stika iliyobandikwa pale pa kuwekea mikono, sawasawa, hakuna kilichopungua, nikasema fungeni. Kitambaa mimi sinunui mpaka nikivute, nikikunje, nikipeleke kwenye mwanga. Siku hiyo nikanunua stika.

Tena nikafanya kubwa zaidi. Kabla sijampa, niliibandua ile stika kwa wembe, nikailaza juu ya karatasi ninayokatia mishono nichukue umbo lake, nikamtarizia mkoba wa laptopu, namba ileile, uzi wa dhahabu. Mtaa mzima umeugusa, baada ya kunawa.

Sasa sikia. Gemu lake lina bibi mshonaji anayekimbiza uzi uliomtoroka sokoni, anapanda meza za watu, anaruka mapaa, mkasi mkononi, gauni la maua linapepea nyuma yake. Huyo bibi ni mimi, hata kidole gumba changu kilichopinda amekiweka. Aliponionyesha nililia, nikasema ni vumbi. Lakini kwenye laptopu hii bibi akifika sokoni anaganda, mguu mmoja juu, kama kuku aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nikamuuliza, "Mbona nimesimama?" Akanijibu, "Unapumzika, bibi." Mimi, kupumzika!

Juzi nikamsikia anamwambia rafiki yake kwa simu kwamba chipu ni ileile kwa jina, ila wamiliki wa kiwanda wameiweka kwenye mwili mwembamba na wanaipa umeme kidogo isichemke, kwa hiyo haivuti kama nyingine yenye jina hilohilo, na hawakuliandika hilo kwenye boksi wala kwenye tangazo la duka. "Ni kama cherehani mbili za jina moja, moja ina mota kubwa, nyingine mota ya kuchezea. Bibi asijue, itamuumiza. Nitamtoa maua, nimvalishe gauni jeupe tupu, gemu liwe jepesi." Na maonyesho ya chuo ni mwezi ujao, watakuja wageni wanaotafuta watu wa kuwaajiri.

Mshauri, mimi nivae gauni tupu mbele ya wageni? Nilirudi dukani kimyakimya, muuzaji akaniambia, "Bibi, jina si ndilo hilo? Halafu stika umeibandua mwenyewe, haturudishi." Nikamwita jina ambalo gazeti lenu haliwezi kulichapa. Sasa nikimwambia mjukuu kwamba najua, fahari yangu yote inaanguka, na mwenye mayai atacheka mpaka kuku wake wahame. Nikinyamaza, navuliwa maua yangu na kazi ya mtoto inaharibika. Nifanye nini? Na usiniambie nisamehe, sikuandika kwa ajili hiyo.

Bibi wa Uzi wa Dhahabu

MSHAURI ANAJIBU

Pole kwa laptopu, hongera kwa mjukuu, na sasa kaa nikuseme kidogo. Stika uliibandua ya nini? Ungeweka karatasi nyembamba juu yake ukapitisha penseli, wewe fundi mzima! Dukani ulikwenda bila mjukuu kwa sababu ulitaka kuonekana. Mara ya pili ukaenda tena bila yeye. Anayeielewa chipu yuko nyumbani, wewe uko kaunta unatukana.

Lakini aibu hiyo itue, si mzigo wako. Ulisoma ulichoandikiwa. Mjukuu naye alikuandikia namba, wati hakuandika, na yeye ndiye wa chuo. Jina moja linaweza kubandikwa kwenye chipu inayopewa umeme mwingi na kwenye inayopewa kidogo, na anayeuza bila kusema ipi ni ipi ndiye wa kuona haya.

Leo hii mwambie mjukuu kwamba ulisikia. Yeye anakuficha kwa mapenzi, wewe unamficha kwa majivuno, mtakutana lini? Kisha nendeni wote na laptopu, chaja, boksi, risiti, na stika pia, na mseme ukweli kwamba uliibandua wewe. Mwulizieni mwenye duka, si muuzaji. Azungumze mjukuu. Wewe nyamaza, najua, jikaze. Awashe gemu palepale kaunta, wateja wamwone bibi akiganda, ndipo aulize: chipu hii inapewa wati ngapi, na mliandika wapi mnunuzi aone? Aombe abadilishiwe, apewe ile nene yenye kupewa umeme wake wote, hata kama feni yake inavuma. Wakikataa, waandike kwamba wamekataa, mpeleke malalamiko ofisi inayotetea wanunuzi. Huko kunachukua muda, kwa hiyo wiki hii hii mjukuu aombe chuo kimpe kompyuta yenye nguvu ya kutumia siku ya maonyesho. Maua hayatoki. Hilo sikushauri, nakuamuru.

Mkipata nene, haitaingia kwenye mkoba wako. Shona mwingine. Namba za viwanda achana nazo, tarizi maua ya lile gauni.

Na mwenye mayai mwalike, umkalishe mbele kabisa. Bibi akianza kuruka mapaa, gauni likipepea, usiseme neno. Mgeukie tu, umtazame. Safari hii agande yeye.