Itume Fomu ya Chuo

Solveig,

Mwaga chumvi ngazini kabla hujatoka, iyeyushe barafu iliyoganda. Viazi na nyama viko kwenye friji. Mbakizie baba yako, mlafi wewe.

~~Usitume fomu ya chuo mpaka nirudi tuongee.~~ Itume. Nimeshatia saini.

Asubuhi nilikuambia kuchora hakutamrudisha kaka yako, ukapanda chumbani hata kahawa hukuigusa. Nisamehe, mwanangu. Nilikung'ang'aniza chuo kikuu cha hapa mjini, nikisema ni kikubwa, kina kila kitu. Ukweli ni kwamba nilitaka uendelee kulala nyumbani. Mtoto mmoja nimeshamzika.

Ulipopanda, nikafungua mkoba wako wa michoro. Miezi kumi nilikuwa naukwepa. Nikamwona kaka yako kitandani hospitalini, siku baada ya siku, anavyozidi kukonda. Hukumpamba wala hukumficha. Nimelia nimesimama, koti mwilini, na kazini nimeshachelewa.

Shuleni kwenu walikwambia michoro hii inatia huzuni, uchore maua. Yule mwalimu wa chuo kidogo cha kule mbali Iowa, Bi Pruitt, mwenye wanafunzi tisa tu darasani, aliitazama saa nzima, kisha akakuuliza, "Huyu anaitwa nani?" Mimi niliyemzaa sijalitamka jina lake tangu mazishi.

Nenda kwa huyo mwalimu. Ila leo jioni kaa nami mezani, unionyeshe mchoro mmoja mmoja, uniambie Torsten alikuwa anasema nini ulipokuwa unamchora.

Mama