Bango Chini ya Magazeti ya Baba

Dada Wachuka,

Niaje, mwanamuziki! Elburgon nzima bado haijapata fundi wa nyumba wa kunishinda. Jana nikibandua magazeti ya kuzuia baridi ukutani kwa Baba, chini yake nikakutana na wewe! Bango la bendi yenu ya pank, ule muziki wa kelele, Nakuru 1994, nywele zimesimama kama miiba ya nungunungu. Lile ambalo Baba aliapa amelichoma siku aliyokufukuza! Magazeti yote yamepakwa gundi ya unga, lakini bango halina hata tone. Nikapiga kelele mpaka ng'ombe wakatoroka.

Baba, ambaye macho yameanza kumwacha, akauliza, "Umelirarua?"

"Hapana, mzee."

"Basi mwambie aje nikiwa bado naona."

Njoo, dada. Beba gitaa. Nywele nitakusimamishia mimi.

Fundi wako,
Mbugua