Udi wa Alhamisi na Kengele ya Ghorofa ya Tatu

Bi Tahiya mpendwa, asalaam aleikum. Nakuandikia nimekaa mkekani, Alhamisi baada ya sala ya alasiri, na kama mkono wangu unakwenda ovyo nistahamilie, maana chumba kimejaa moshi wa udi, na moshi huu ukishanipanda kichwani huwa sijui kama niko Mtoni au niko wapi. Nina jambo na sina wa kumwambia ila wewe unayejibu barua za wasomaji gazetini, nisaidie.

Mimi ni katibu wa jumuiya ya wakaazi wa jengo letu la ghorofa tano, na kazi yangu kubwa ni kuandika Habari za Jengo, karatasi moja kila mwezi inayobandikwa chini penye ngazi, pampu ya maji itazimwa Jumanne, matangi yataoshwa, wanaoanika nguo juu ya paa wazianue kabla ya magharibi, Bi Khairiya wa ghorofa ya nne kajifungua salama mtoto wa kike, na watu husimama pale na vikapu vyao vya sokoni wakaisoma yote, na wanaamini kila nilichoandika.

Mwaka jana mkwe wangu Bi Mwanakheri alihamia kwetu kutoka Kiwengwa baada ya kufiwa na mumewe, Mzee Msabah. Miaka yote alikuwa mkulima wa mwani, na kila Alhamisi akitoka pwani alikuwa akimfukizia mumewe kanzu ya Ijumaa, anaitandaza juu ya tenga, chetezo chini yake, milango na madirisha yamefungwa ili moshi usikimbie. Mzee kafa, kanzu kaja nayo, na Alhamisi yake hakuiacha. Anaifukiza, anaikunja, anaiweka. Mara ya kwanza nilikaa naye kwa adabu tu, lakini moshi ulipotulia niliona kama maji yameingia chumbani, ya uvuguvugu, yanafika magotini, na marehemu mama yangu anapita kwa mbali na mtandio wake kichwani, hana haraka, na tangu siku hiyo naingojea Alhamisi kama watoto wanavyoingojea sikukuu.

Sasa kwenye ukumbi wa kila ghorofa, darini, kuna kidude cheupe kinachonusa moshi, na kikishanusa kengele inalia jengo zima. Alhamisi tatu mfululizo tulifungua mlango, moshi ukatoka, kengele ikalia, watu wakateremka na watoto na wagonjwa wao, na mwenyekiti wetu Bwana Nadir akaniagiza niandike kwenye Habari kwamba ni marufuku kufukiza udi ndani. Sikuandika. Nilipanda kiti nikakivalisha kidude chetu ile kofia ya nailoni ninayovaa nikioga, na kwenye Habari nikaandika kwamba kengele za ghorofa zote zimekaguliwa na ziko sawa. Ukumbi wetu wa ghorofa ya tatu una milango miwili tu, wetu na wa Shahida, ambaye ni muuguzi na hurudi kachoka hatazami juu. Kila Alhamisi nikawa nakifunika, na baada ya magharibi nakifunua, na kwa kuwa kengele haikulia tena, Bwana Nadir hakuniuliza habari ya marufuku yake.

Mwezi uliopita, Alhamisi moja, nililala pale pale mkekani, nikaota, nikaamka na raha yangu, na kofia nikaisahau. Jumamosi asubuhi Shahida karudi kutoka zamu ya usiku, kateleka kunde, kajinyoosha kidogo, usingizi ukamchukua. Kengele kimya. Bi Mwanakheri ndiye aliyeinua kichwa akasema, "Mwanangu, moshi huu si wetu," akashika ndara yake mkononi akaugonga mlango wa Shahida mpaka majirani wakaja kuuvunja. Walimtoa hajitambui, pazia la jikoni linaungua. Alhamdulillahi yuko hai, lakini sauti yake mpaka leo haijarudi sawasawa. Na mimi, watu wakiwa wamemzunguka Shahida, nilipanda kiti nikaivua ile kofia nikaitia mfukoni.

Bwana Nadir amesema kosa ni la fundi wetu Mudrik, kwamba hakukagua ila alitia saini tu. Lakini Mudrik alikagua, Bi Tahiya, mimi ndiye niliyemshikia ngazi siku ya ukaguzi, na kengele ikalia mpaka tukaziba masikio. Juzi kanikuta uani kaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi Zeyana, nambie kweli, hivi mie n'likikagua kile cha ghorofa ya tatu? Maana sasa hata mwenyewe sijiamini." Nikamwambia, "Sikumbuki." Akasema ahsante, akaondoka.

Jumapili ya wiki ijayo kuna kikao cha kumwondoa, na mimi ndiye nitakayeandika kwenye Habari kwamba ameondolewa kwa uzembe. Nikisema kweli, mkwe wangu atakatazwa udi wake, na bibi yule hana kilichombakia ila kanzu na harufu yake, na nadhani hata umri wake utapungua. Nikinyamaza, Mudrik ndiyo basi. Mume wangu hajui lolote. Na usinicheke, lakini hata sasa ninapokuandikia kofia iko darini. Nifanye nini?

Zeyana, Mtoni

*

Bi Tahiya anajibu

Waaleikum salaam. Weka gazeti chini, chukua kiti, kama kofia iko darini kaivue. Mimi nakungoja.

Haya, ukisharudi tuzungumze. Nimekuhurumia, sikufichi. Mtu aliyefiwa na mamake kisha akapata saa moja kwa wiki ya kumuona anapita, simlaumu kwa kuipenda saa hiyo. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilifungua dirisha, nilihisi kama moshi umenifikia na mimi. Lakini umemtanguliza mkwe wako mbele kama pazia, na wewe umekaa nyuma yake. Bi Mwanakheri hakukwambia ufunike kitu. Nathubutu kusema hata hajui kama umefunika. Yeye kafukiza kanzu kama alivyofukiza miaka yote. Aliyeona hawezi kuikosa Alhamisi ni wewe, basi sema, "Ni mimi."

Kusahau kofia ni kosa, na lingeweza kumuua mtu. Kuirudisha baada ya Shahida kutolewa hajitambui, hapo sina neno la upole la kukupa. Shahida anakohoa upande wa pili wa ukuta na wewe umelala unaota.

Ila kilichonichoma zaidi ni lile "sikumbuki". Mtu mzima amekujia kwa adabu, anakuuliza kama akili yake ingali timamu, na wewe uliyemshikia ngazi ukamwacha aende zake akijishuku. Kazi anaweza kupata pengine. Lakini fundi asiyejiamini atakaza skrubu moja mara tano na bado atalala na wasiwasi. Hilo umemfanyia wewe, si Bwana Nadir.

Udi hauna kosa. Mna paa linaloanikiwa nguo, basi pandeni na mkeka, tenga na chetezo chenu, mjibanze pembe moja isiyopigwa sana na upepo. Kanzu itanukia kidogo kuliko ilivyozoea, na Bi Mwanakheri atalalamika, mwache alalamike. Mwambie yote leo. Mtu aliyetambua moshi wa kunde kutoka nyumba ya pili ataelewa. Wewe huenda usimuone mamako huko juu kwenye jua. Basi msomee dua, ushuke ukapike.

Shahida umwendee mwenyewe, bila zawadi wala kilio. Akikufungia mlango, rudi nyumbani. Bwana Nadir umwambie kabla ya kikao, na kwenye karatasi ya mwezi huu uandike ulilofanya kwa jina lako, pale pale penye ngazi. Ukatibu utaupoteza, nadhani, na ni haki. Mumeo asisikie kutoka kwa jirani.

Majina nimeyabadili yote, na lako pia. Lakini udi, kofia na ghorofa ya tatu sikuweza kuvificha, na jengo lenu litajijua. Gazeti linatoka Ijumaa, kikao chenu ni Jumapili, na Mudrik naye anajua kusoma. Asije akalipata hapa. Mwendee sasa hivi, na huna haja ya maneno mengi. Mwambie, ulikikagua, kikalia, na mimi nilikuwepo.