Mpaka Tulioufyeka Wenyewe

Alhamisi. Mvua ya mawe imeacha sasa hivi, baridi imeingia mpaka kwa mifupa.

Diwani, huna haya. Ulikaa kwa kiti changu, ukanywa chai yangu ya maziwa, ukaongezewa, ukaniangalia kwa macho ukasema, "Mama Ombati, maji yanakuja." Mtu mzima na kitambi chake anamdanganya mwanamke ambaye angeweza kumzaa!

Naandika kwa sababu nikifungua mdomo leo nitatukana mtu, na mimi ni mtu wa kanisa. Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha kuandika jina na kusoma bei ya sukari. Mengine nimejifundisha. Mwandiko ukienda kombo, wacha uende.

Mambo yako hivi. Juzi juzi walikuja vijana wa kupima ardhi na nguzo zao nyekundu na nyeupe, na mnyororo mrefu wa chuma. Diwani alikuwa ameshatuambia bomba la maji litapita hapo. Sasa hapa kwetu mtu akianza kufyeka, hakuna kusimama kumwangalia. Hiyo ndiyo kokwet, majirani wa kilima kimoja na kazi moja. Nyumba ikijengwa, wote wako hapo. Ng'ombe akianguka shimoni, wote wako hapo. Usipokuja, wewe si jirani, wewe ni mtu anayekaa karibu tu.

Basi tulitoka na panga, wanawake wote wa juu na wa chini. Taplelei, ambaye nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio mmoja, alileta kibuyu cha mursik, maziwa yale ya mkaa ya Wakipsigis wenzake, akawapa wale vijana wakanywa. Mimi nilichoma mahindi. Vijana wakakaa wakala, sisi tukafyeka. Tuliwashikia hata nguzo. Tuliimba!

Mtu mmoja tu alikataa, mzee arap Too. Alisimama kwa mlango wa boma lake, mikono nyuma, akasema, "Mimi sifyeki njia ya mtu ambaye hajaniambia anaenda wapi." Nikampigia kelele mbele ya watu. Nilimwambia, "Mvivu wewe, maji yakija utakunywa mate yako!" Watu walicheka mpaka wakashika magoti.

Leo angeweza kunicheka mimi. Hacheki. Anapita anasema tu, "Chamgei, kogo," yaani hujambo nyanya, kwa sauti ya chini, kama anayesalimia mgonjwa. Ingekuwa afadhali acheke.

Maana haikuwa bomba. Ilikuwa mpaka wa mji.

Tulielezwa Jumanne kwa baraza. Mji wa Kericho unakua, akasema diwani. Walio juu ya mstari wanabaki wa kokwet. Walio chini ya mstari sasa ni watu wa mji, na mji una sheria. Hakuna nyumba ya udongo. Hakuna ng'ombe. Hakuna mahindi marefu, ati yanaficha wezi. Mwenye kujenga nyumba ya mawe ajenge kabla ya mwisho wa mwaka, asiyeweza ampishe anayeweza. Na hao wanaoweza tunawajua. Wameshaanza kule chini kwa barabara, nyumba zao zina maua mbele na mbwa nyuma, na hakuna hata mmoja wao anayejua jina langu.

Mimi niko chini ya mstari.

Karibu sisi wote tuliotoka Kisii kuja kuchuma majani kwa mashamba ya wazungu tuko chini. Ni ajabu, sivyo? Na ni sisi tuliomnyima diwani kura. Sasa tutapiga kura zetu huko mjini na hatatuona tena kwa ndoto zake. Lakini shamba la ndugu yake, lenye nyumba ya udongo kama yangu na ng'ombe wengi kuliko meno yangu, liko juu. Mstari ulikuja umenyooka kama kamba, ukafika kwake, ukapinda. Ile siku nilimwuliza kijana wa kupima, "Mbona tunapinda?" Akasema, "Mama, hapo kuna mawe." Mawe gani? Nimepita hapo tangu Ombati yuko mgongoni, sijajikwaa hata siku moja. Lakini panga lilikuwa mkononi, watu walikuwa wanaimba, nikapinda nao.

Hiyo inaniuma. Wangekuja na askari ningejua ni vita. Sisi walituacha tufyeke.

Halafu diwani, kwa baraza hiyo hiyo, akataka tujigawe. "Wa juu simameni huku, wa chini kule, tuwaone." Kama mbuzi wa soko la Chepseon! Nikamwangalia Taplelei, maana mstari umepita kwa uzio wetu ukamwacha yeye juu. Nilijua hatakwenda. Huyu ndiye alinikatia kitovu cha mtoto wa mwisho. Huyu namjua mpaka anavyokoroma.

Alikwenda. Alivuka akasimama na wa juu, akaangalia miguu yake.

Mzee wa kokwet, yule anayeongoza vikao vyetu, naye akasema kwa upole, na huo upole ndio mbaya, kwamba kuanzia sasa walio na mambo ya mji wayapeleke mjini.

Niende wapi mimi? Mume wangu alipokufa, shamba la chai lilitaka nyumba yake kabla hata hatujamaliza kulia. Kwao Kisii ndugu zake walikuwa wamegawana kila kitu mpaka kivuli cha migomba. Ni kokwet hii ilinipa hapa pa kukaa, baada ya mimi kulima kwa kila mmoja wao mpaka wakaacha kuniita mgeni. Ukuta huu ninaoegemea ulikandikwa na wanawake kumi na zaidi. Pale karibu na dirisha kuna alama ya vidole vya Taplelei, hakusawazisha vizuri, nikamsema, akaniambia, "Wacha ikae hivyo, ukinisahau utaiangalia." Nyumba hii diwani anaiita kibanda.

Ombati amekuja jana kutoka kazini Kapkatet. Anasema, "Mama, mji ukija umekuja. Twende ukae kwangu." Kwake ni chumba kimoja na bibi mwenye mdomo. Nikamwambia nyamaza ule. Akala. Lakini alipoondoka nilikaa kwa kitanda na nikalia kwa sauti, mimi ambaye sikulia kwa kaburi watu wakisikia.

Sasa kitu cha leo. Mvua ikinyesha nimesikia mtu mlangoni. Kufungua, nakuta kibuyu cha mursik kimewekwa chini, na mgongo wa Taplelei unapita kwa uzio. Hajapiga hodi. Hajaingia. Huyu mtu ambaye miaka yote hii anaingia hapa akifunua sufuria zangu kabla hata ya kunisalimia! Ameacha maziwa na kukimbia, kama anayepeleka kitu kwa nyumba ya msiba.

Mimi sijakufa.

Kibuyu kiko mezani, sijakigusa. Nimekiangalia mpaka chai ikapoa.

Kesho mkuu wa wilaya, Disii mwenyewe, anakuja kutembea kwa huo mstari na kuukubali. Diwani atakuwa mbele, akimwonyesha: hawa wa juu, hawa wa chini, wote wamekubali, na wamefyeka wenyewe kwa furaha. Na ni kweli tumefyeka. Sasa tutasema nini? Tukiwa sisi wa chini peke yetu tunalia pale, tutakuwa watu wa Kisii wenye kelele. Hatatusikiliza. Atapanda Landrova aende kula.

Kwa hivyo sikiliza wewe Taplelei. Asubuhi nitayasema haya haya juu ya uzio, na majirani wasikie, sijali. Chukua kibuyu chako, wamiminie watoto wako wanywe. Usiniletee maziwa. Jilete wewe. Toka na panga lile lile ulilofyekea, waite wanawake wa juu wote kama ulivyowaita siku ile, mwambie na arap Too kwamba mimi nimemwita, na nimemwita kwa heshima. Mje mvuke huo mstari na kusimama chini, hapa mbele ya nyumba yangu, mchanganyike na sisi. Na Disii akiuliza nani wa juu na nani wa chini, asijibu mtu mwingine. Wewe ndiye umjibu, kwa Kipsigis, kwa sauti, kwamba hapa hakuna wa juu wala wa chini, kuna kokwet moja, na usiangalie miguu.