Mpira Uko Wapi, Mke Mwenzangu?

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia wewe ambaye hukusoma barua hata ulipokuwa na macho yako, kwa sababu lililotokea Kibiti Jumamosi iliyopita ulistahili kulisikia kwanza. Lakini lilianzia Bungu, kwenye chumba chetu cha mbele, kwa hiyo nianzie huko.

Ulihamia kwetu kutoka Kiongoroni macho yalipokwisha kabisa. Mimi nilikuwa darasa la pili, kaka Saidi darasa la tano. Mjomba, fundi wa redio, alikuwa ametuletea mashine ya gemu ya kaseti aliyoifufua mwenyewe. Ilikuwa na ngumi, mpira, na mbio ambazo mtu alikimbia kwa kugonga kitufe mpaka kidole gumba kivimbe. Haikuwa na mtangazaji, ni milio tu. Ukauliza, "Mnafuga mbu humo ndani?"

Saidi akakwambia ni mechi. Wewe, mpenzi wa mpira wa redioni, ukasogeza mkeka. "Mechi gani haina mtu wa kuieleza? Mke mwenzangu, mpira uko wapi?"

Mke mwenzako nilikuwa mimi, na Saidi alikuwa mume wako. Ndivyo ulivyotutania siku zote.

Shuleni nilikuwa mtoto wa kujibu kwa kutikisa kichwa. Lakini wewe kichwa changu hukukiona. Ilinibidi niseme.

Nilianza vibaya. "Amepiga. Ametoa. Wamefunga." Ukanikatiza. Ukanieleza kwamba kwenu deltani, maji yakipwa, mtu mmoja husimama mbele ya mtumbwi na upondo, ule mti mrefu, akipima kina na kumwambia yule wa nyuma anayeuongoza. "Wa mbele hasemi tumekwama," ulisema. "Anasema pana mchanga kushoto. Tukishakwama, sote tunajua. Mimi niambie mpira unakwenda wapi."

Nikajifunza kuiona pasi kabla haijapigwa.

Kisha ikaja mashine ya gemu za sahani, zile CD, nayo ilikuwa imechoka. Haikusoma mpaka tuigeuze juu chini. Haikuwa na kadi ya kuhifadhi, kwa hiyo ligi ilianza upya kila siku. "Ligi gani hii, kila kukicha mechi ya kwanza?" Humo mlikuwa na Mzungu anayetangaza. Ukaniuliza anasema nini, nikasema sijui. "Mnyamazisheni basi. Hata jina la mume wangu halijui." Siku Saidi alipokushikisha pedi ya kuchezea ikatetemeka mikononi mwako, ulipiga ukelele ukacheka: "Kambale huyu! Ni mzima!"

Unaikumbuka siku ya homa yako? Saidi alikuwa anacheza na Hamisi, jirani yetu, na Hamisi akamfunga. Mimi nilitaka ufurahi. Nikapiga kelele, "Goli! Saidi amefunga!"

Ukauliza: "Mume wangu tangu lini akafunga goli asizomee watu?"

Nilianza kulia. Hukunigombeza. Ulinivuta mkono ukasema, "Ukiniambia pana maji kumbe pana mchanga, tutakwama wote wawili. Goli la mwenzetu nalo ni goli. Liseme."

Ulituondokea nikiwa kidato cha nne. Nilifanya mtihani, nikarudi nyumbani, na hapakuwa na mtu wa kunilazimisha kusema. Nikarudia kutikisa kichwa.

Jumamosi, Bibi, Saidi alikwenda kushindana kwenye banda la gemu Kibiti, nami nikamfuata. Ungeona mashine za sasa! Mchezaji anatoka jasho shingoni, nyasi zinalala akipita. Ila runinga ilikuwa moja na watu walijaa mpaka nje. Mwenye banda akauliza nani atawaelezea walio nyuma. Saidi, bila hata kunitazama, akasema, "Dada yangu."

Nikapewa kipaza sauti. Mechi ikaanza. Mimi kimya. Kijana mmoja akasema, "Maiki mbovu au mtu mbovu?" Wakacheka. Nilitaka kukiweka chini nikimbilie stendi.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa nje, muuza karanga, akaita kupitia dirishani: "Binti, huku hatuoni kitu. Mpira uko wapi?"

Nikajibu kabla sijawaza. "Uko kulia. Unakwenda katikati, kuna mtu peke yake." Mpira ukafika kwake kweli. Sikunyamaza tena mpaka fainali.

Fainali alicheza Saidi. Sare ya goli moja kwa moja, dakika zinakwisha. Nikaona winga wa mpinzani wake anachomoka, nikasema, "Pana mchanga kushoto, Saidi hajauona!" Watu wakaangua kicheko. Saidi naye hakuuona kweli.

Wavu ukatikisika. Waliotoka Bungu kumshangilia Saidi wote wakageuka kunitazama.

"Goli," nikasema. "Si letu. Lakini ni goli, tena zuri."

Huko nje walishangilia, na yule mama alikuwa wa kwanza.

Njiani Saidi aliniambia, "Ungenionea huruma kidogo." Nikamjibu, "Bibi angejua." Alicheka.

Mwenye banda amesema nirudi Jumamosi hii. Nimeitikia kwa mdomo, Bibi, si kwa kichwa. Ahsante kwa kuningojea kila siku kwenye ule mkeka mpaka niseme. Mungu akupe nuru huko uliko.

Mimi mjukuu wako, mke mwenzako, uliyenisimamisha mbele ya mtumbwi,

Mwanaidi