Kiganja Kilichobaki Kiooni

Karakana, chumba cha juu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kifua kimekuachia? Sisi wa huku tu wazima. Mama anakula, ila ukimtazama unaona anatafuna tu.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Tunatengeneza viganja vya mpira vya kupandia vioo, kwa kuiga mguu wa mjusi. Mjusi hana gundi, Dada. Nyayo zake zina vinyweleo vidogo mno, visivyo na idadi, na vyote vikigusa ukuta kwa pamoja, vinashika. Akitaka kuondoka anainua vidole tu.

Adui ni vumbi. Mjusi hujisafisha kwa kutembea. Viganja vyetu tunavibandika na kuvibandua kwenye utepe wa gundi, mara kumi kila kimoja. Kitambaa ni mwiko, maana huacha nyuzi. Marehemu kaka yetu, aliyekuwa msafisha madirisha hapa kazini, aliniita Mzito kwa sababu sikuruka hata mara moja kati ya hizo kumi.

Sasa nitoe la moyoni. Siku aliyoanguka, mimi ndiye niliyemwandalia. Alisimama mlangoni akinitania, "Mzito, mjusi angekuwa keshafika juu." Cha kushoto nilikuwa nimekimaliza. Cha kulia nikakipangusa kwa shati langu, nikampa.

Wakubwa waliandika kuwa ni upepo. Nikanyamaza, sasa yapata miezi mitano, na kila anayenipa pole naipokea. Nyumbani mjusi akilia ukutani, Mama huacha kutafuna na kunitazama. Naogopa, Dada.

Cha kulia ndicho kilichoachia. Mkono wa kushoto ukachomoka kwenye mkanda wa kiganja chake. Kiganja cha kushoto kilibaki kiooni, ghorofa ya nne. Nilikipita kila asubuhi bila kuinua macho. Wenzangu waliniomba nikitoe, nikakataa mara tatu.

Jana nilipanda kwa ngazi. Nikainua ukingo, kikatoka bila ubishi. Kioo chote kilikuwa kimejaa vumbi, isipokuwa pale kilipokuwa: umbo la mkono, safi kabisa. Nilitoa kitambaa nifute, nikakirudisha mfukoni.

Kiganja kiko mezani mbele yangu. Jioni nitampelekea Mama na kumwambia yote. Usimpigie simu kabla yangu.

Nisalimie shemeji, watoto na shangazi. Mungu awashike msiteleze.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mzito